Ndevu za Fundi Kondo

Unywele ukipita, upepo haupigi hodi.

Ndivyo alivyowaambia Bi Mwantumu leo asubuhi, alipowakuta mmefunika pipa la mahindi na uzi wa gunia umebanwa chini ya kifuniko. Mkacheka. Mkaona mama wa watu anazeeka, maana uzi mmoja utafanya nini? Haya, lifunueni pipa hilo mwezi ujao mkaamkiane na fukusi. Ila kwa kuwa mmekuja kuniuliza msemo huu umetoka wapi, kaeni. Wewe, toa mguu kwenye kitambaa changu. Watu hupenda kusema kila methali ni ya wahenga, na wahenga hawana anwani. Hii anwani inayo. Ilizaliwa hapa hapa Tanga, katika gereji ya mabasi, mchana kweupe, na mimi nilikuwa pale na cherehani hii hii. Ilianza hivi.

Nilikuwa kijana wakati huo, nashona viti vya mabasi katika gereji ya Mzee Kibwana, kwenye barabara ya kwenda Pongwe. Palikuwa na wanyoosha bodi, wachomeleaji na wapiga msasa wasio na idadi, lakini mpiga rangi wa kuitwa mpiga rangi alikuwa mmoja, Mwinyikondo, tukimwita Fundi Kondo. Basi lilikuwa likiingia pale limekwaruzwa kila upande, na likitoka mikononi mwake mwenye mali hulizunguka kwanza akiogopa kuligusa. Ukisimama ubavuni mwa basi hilo ungeweza kuchokonoa meno kwa kujitazama.

Hata hivyo mji haukumjua kwa rangi. Ulimjua kwa zumari. Sijui niwaeleze vipi nyinyi mliozoea spika. Fundi Kondo alikuwa akiiweka zumari mdomoni kwenye nyumba ya bwana harusi, akaanza kutembea na watu nyuma yake, na mpaka wanafika kwa bibi harusi sauti ile haijakatika hata mara moja. Mashavu yanasukuma, pua inavuta, na zumari inaendelea tu. Tulipokuwa wadogo tulimfuata mtaa kwa mtaa ili tumvizie anapopumua, hatukumnasa hata siku moja. Nilikuwa nikirudi nyumbani najaribu mbele ya kioo, naishia kukohoa. Mpaka leo nikikumbuka pumzi ya yule mtu naona Mungu hugawa anavyotaka.

Na alikuwa na ndevu. Hizo hazikuwa pambo. Binti yake Mwanamkasi alipokuwa mchanga alishikwa na degedege, na siku moja hospitali wakamwambia baba mtu ajiandae. Wawili waliomtangulia walikuwa wamekwisha zikwa. Fundi Kondo alitoka barazani, kidevu chake kikiwa hakina kitu, akaweka nadhiri: mtoto huyu akipona, wembe hautagusa uso wangu mpaka siku nitakapomuozesha. Mtoto akapona. Ndevu zikaota, zikashuka, zikafika kifuani, na kila aliyezitazama alijua kuwa zile ni umri wa Mwanamkasi.

Mkewe, Bi Mgeni, alizitunza kama mtu anavyotunza amana. Kila asubuhi kabla mumewe hajaenda kazini aliweka kaa kwenye chetezo, akatia udi wake wa kupika mwenyewe, na Fundi Kondo huinama akafunikwa kanga mpaka moshi umeingia kila udevu. Ukikutana naye njiani harufu hukuamkia kabla yake. Sisi tulimtania kwamba yeye ndiye fundi pekee wa gereji anayekuja kazini kama anakwenda harusini. Yeye hujibu kwamba na sisi tuoe wanawake wanaotupenda.

Basi ikaja rangi mpya. Ile ya zamani ilikuwa ikikauka kwa jua, hii ilichanganywa na dawa yake ya kukaushia, inang'aa kama imemwagiwa maji, lakini ukiivuta inakukata koo. Wapiga rangi wengine mjini walifunga kitambaa puani wakajiona wanaume. Mzee Kibwana hakutaka mzaha. Alitafuta bandarini akapata maski za mpira mweusi, zenye vichujio viwili, kila shavu na chake. Na msije mkadhani Fundi Kondo alikuwa mzembe. Alikuwa wa kwanza kuivaa na wa mwisho kuivua. Alikaza mikanda mpaka ikamwachia alama kisogoni, ndevu akazilaza vizuri chini ya mpira, ndipo akawasha mashine ya upepo.

Mambo yakaanza kidogo kidogo. Katika harusi moja pale Chumbageni alifika kwenye kona ya msikiti akaishusha zumari, akajifanya anamwamkia mtu. Watu wakaona ni adabu. Harusi iliyofuata akasimama kona ile ile, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumwamkia. Baada ya hapo sauti ilikuwa ikikatika katikati ya njia, na wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele wananyamaza kwa haya, kama waliomwona mtu mzima amejikwaa. Kazini akikohoa hushika ubavu wa basi. Mimi nilikuwa nikisikia kifua chake kinapiga filimbi kutoka kwenye meza yangu ya kushonea.

Na ubaya wenyewe ni kwamba wakati huo Mwanamkasi alikuwa ameposwa. Mchumba wake alikuwa Nasoro, mchomeleaji wetu pale pale gereji, kijana mpole ambaye hata ndevu zilikuwa hazijamkubali. Harusi ilipangwa baada ya mavuno ili jamaa wa bara nao wawahi. Fundi Kondo alikuwa amesema mbele za watu kwamba siku hiyo hakuna atakayekodiwa. Binti yake atatoka mlangoni kwa zumari ya baba yake mpaka kwa mumewe, na sauti haitakatika. Alikuwa ameingojea siku hiyo tangu ile baraza ya hospitali. Sasa alikuwa hawezi kuvuka kiwanja bila kupumzika.

Alikwenda zahanati. Mganga akamsikiliza kifua, akamwambia ile rangi inamla, na akiendelea hivi itafika siku hataweza kuzima mshumaa. Akamuuliza kama huvaa maski. Akajibu huvaa kila siku, na ilikuwa kweli. Mzee Kibwana akamnunulia nyingine mpya, na vichujio vipya. Hali ikawa ile ile. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ni husuda, pumzi kama ile lazima ilikuwa na jicho la mtu juu yake. Akaandikiwa kombe, aya zikaoshwa kwa maji, akanywa.

Maski ndiyo ambayo hakuna aliyeishuku, kwa sababu yeye mwenyewe aliitetea. Alikuwa akisema ndani ya maski ile hajawahi kusikia harufu ya rangi hata siku moja. Anachosikia ni udi wa mkewe. Na sisi sote, watu wa gereji tunaojiona wajuzi, tuliona hiyo ni hoja. Kama harufu ya rangi haingii, rangi yenyewe itaingiaje?

Kisha mama yake Bi Mgeni akafariki kule Pangani. Bi Mgeni akaenda matangani, na chetezo kikalala jikoni kimejaa majivu baridi. Mume alizika, akakaa siku za msiba, akarudi mjini peke yake kwa sababu kulikuwa na basi linalongojewa. Alikuja gereji ananuka sabuni kama sisi wengine. Akavaa maski, akakaza mikanda, akawasha mashine. Hakumaliza hata mlango mmoja. Tulimwona ameacha kila kitu, ametoka nje, ameivua maski ile anaitazama kana kwamba imemtukana.

Alituambia maski imetoboka. Tukaigeuza huku na huku, tukaziba matundu ya vichujio, tukaijaza maji. Haikuvuja tone. Akaivaa tena, akasikia rangi tena, kali, puani kabisa.

Bi Mgeni aliporudi akasimuliwa. Alisikiliza mpaka mwisho, mwanamke yule hakuwa mwepesi wa kusema. Kesho yake mchana tukamwona anaingia gereji na chetezo mkononi, kanga ya pili begani. Hakuwahi kukanyaga pale tangu kuolewa. Nasoro alizima mashine ya kuchomelea kwa heshima ya mkwe, na wengine wakazima zao, gereji ikawa kimya kama Ijumaa wakati wa hotuba.

Alimwomba mumewe avae maski kama anavyovaa siku zote, na afumbe macho. Ndevu zilikuwa zimeoshwa, hazikuwa na udi tangu msiba. Akamfunika kanga kichwani, akaingiza chetezo chini yake. Hakukupita muda wa kusema bismillahi. Sauti ya Fundi Kondo ikatoka chini ya kanga, nzito kwa ule mpira.

"Huu hapa, Mama Mwanamkasi. Nausikia."

Akamfunua. Akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye kidevu cha Nasoro, kilicho laini kama cha mtoto. Akamwita. Maski ile ile ikafutwa, akavalishwa, mikanda ile ile, kanga ile ile. Bi Mgeni akaongeza udi. Tukangoja. Moshi ulianza kupenya kwenye pindo la kanga, ukatufikia sisi tuliosimama mbali, wapiga msasa wakaanza kupiga chafya. Nasoro alikuwa ametulia tuli, mpaka Mzee Kibwana akasogea akadhani kijana amezimia. Ndipo tukamsikia.

"Mama, samahani. Mtaanza saa ngapi kufukiza?"

Hakuna aliyecheka. Nawaambia hakuna. Bi Mgeni akaiondoa kanga, na moshi wote uliokuwa umefungiwa mle ukapanda mpaka kwenye mabati, na Nasoro katikati yake anatutazama hajui tunachokitazama. Moshi ule ule, mpira ule ule, na mtu mmoja ameuvuta wote, mwingine haujamgusa. Tofauti yao ilikuwa ndevu.

Fundi Kondo akaichukua maski akatoka nayo juani. Tukamfuata. Akaigeuza ndani, akatuonyesha ukingo wa mpira, pale unapolalia shavu. Palikuwa na mistari ya buluu, myembamba hata jicho linaihangaikia, mingi, imelala ubavu kwa ubavu kutoka nje kuingia ndani. Kila udevu ulikuwa na njia yake, na kila njia rangi ilikuwa imepita. Ile buluu siku zote aliifuta jioni akidhani ni uchafu wa vidole vyake. Alipitisha kidole juu yake taratibu. Na ndevu zote zile alizokuwa nazo, na udi wote ule, vilikuwa vimemfungulia mlango mwizi na kumziba pua mwenye nyumba asimsikie.

Ndipo aliposema, si kwa kutuambia sisi, alikuwa akijiambia mwenyewe:

"Kumbe unywele ukipita, upepo haupigi hodi."

Bi Mgeni aliketi juu ya tairi akalia. Mumewe akaenda akakaa karibu naye, akamwambia udi wake hauna kosa, ulikuwa ukimpenda tu. Mimi nilirudi kwenye cherehani yangu nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Nyinyi mtaona jambo limekwisha. Si anyoe? Hapo ndipo lilipoanza. Nadhiri si nguo ya kuvuliwa. Mtoto alipona, sasa yeye avunje neno lake kabla ya siku yake? Walimpeleka kwa sheikh, mtu wa huruma, akamweleza kwamba kuna kafara, alishe maskini, na Mungu hapendi mja ajiangamize. Fundi Kondo alishukuru, akasema anajua. Lakini alisema pia kwamba ile siku ya degedege Mungu hakumpa nusu ya mtoto. Mzee Kibwana akamtoa kwenye rangi, akamweka kwenye msasa. Na vumbi la msasa nalo linataka maski. Akamweka getini, na getini kwenyewe rangi inamfuata ikibebwa na upepo. Kukaa nyumbani alikataa, maana harusi ilitegemea mshahara wake. Kifua kikazidi kupiga filimbi. Mavuno yalikuwa bado mbali, na ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho kwamba akizingoja ndevu zifike siku yake, pumzi haitafika.

Aliyeukata mzizi huo ni Mwanamkasi mwenyewe, na hapa ndipo mimi huvua kofia. Alimwendea baba yake barazani, Nasoro akiwa nyuma yake, akapiga magoti.

"Baba, uliweka nadhiri mpaka siku ya kuniozesha. Niozeshe Ijumaa hii. Harusi itangoja mavuno."

Mnajua desturi yetu, nikaha na harusi si lazima ziende siku moja. Watu huoa, wakakaa kila mtu kwao, sherehe ikaja baadaye. Hilo halikuwa geni. Lakini nikaha ya ghafla, ya msichana ambaye siku yake imekwisha tangazwa, bila ngoma, bila jamaa wa bara, mji wetu huu una jina lake. Wangesema tumbo ndilo lililoharakisha. Baba akamwambia hivyo, kwa shida, kwa sababu si maneno ambayo mzee humwambia binti yake.

"Najua watakavyosema," akajibu Mwanamkasi. "Waache wahesabu miezi. Watahesabu mpaka wachoke, na mimi nitakuwa hapa hapa kwako nakuamkia kila asubuhi."

Na walisema. Msidhani hawakusema. Wanawake waliokuwa wakimwita mwanangu walianza kumtazama kiunoni. Yeye alipita na ndoo yake ya maji kichwani akawaamkia wote kwa majina. Mimi nimeona wanaume wengi wakisifiwa ushujaa, lakini sijapata kuona kitu kama yule binti na ndoo yake.

Ijumaa ile baada ya swala, katika msikiti mdogo ulio karibu na gereji, Fundi Kondo aliushika mkono wa Nasoro akamuozesha. Sauti ilimkatika katikati ya maneno, akavuta pumzi, akaanza upya, na sheikh akamngoja. Tuliporudi barazani kwa Fundi Kondo, kinyozi alikuwa ameitwa kumnyoa bwana harusi kama ada ilivyo, ingawa hakukuwa na la kunyoa zaidi ya nywele za kichwani. Nasoro alipoinuka kitini, mkwewe akakaa.

Kinyozi alizikusanya zile ndevu kiganjani. Bi Mgeni akatandika kanga mapajani mwa mumewe. Wembe ulipopita mara ya kwanza zikaanguka pamoja, nyeusi za chini na nyeupe za juu, miaka yote ya Mwanamkasi. Uso uliotoka mle sisi vijana hatukuwahi kuuona. Ulikuwa uso wa mtu mwembamba, mpole, mwenye kovu dogo kidevuni. Mwanamkasi alimtazama baba yake kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni, kisha akalishika lile kovu kwa kidole, na hapo wote wawili wakalia.

Kwa kuwa sasa alikuwa na mkwe wa kumsaidia, alikubali kupumzika mbali na rangi mpaka kikohozi kikapungua. Kisha akarudi. Kila asubuhi alinyoa kwanza, akajipapasa kidevu kwa kiganja, akavaa maski, na jioni akaigeuza ukingo juani kutafuta ile mistari. Haikuonekana tena. Chetezo cha Bi Mgeni kikahamia kwenye kanzu na mashuka. Na miezi ikahesabiwa na waliotaka kuihesabu, na kiuno cha Mwanamkasi kikabaki kama kilivyokuwa, mpaka wahesabuji wakaona haya wakaanza kuchangia mchele.

Siku ya harusi ilipofika, mji mzima ulikuja, na siwadanganyi, wengi walikuja kusikiliza itakatika wapi. Fundi Kondo alisimama mlangoni pake na kanzu nyeupe. Akaiweka zumari mdomoni. Mwanzo sauti ilikuwa na mkwaruzo, haikuwa ile ya ujana wake, na sitawadanganya kwamba ilirudi yote. Pumzi iliyoliwa haitapikwi. Lakini ilishika njia. Ikapita kwenye bomba la maji, ikapita duka la Mpemba, Mwanamkasi akitembea nyuma yake na ushungi wake, Bi Mgeni kando yake. Tukaikaribia kona ya msikiti. Vigelegele vikafa vyenyewe. Maelfu ya miguu na hakuna mmoja uliosikika. Akafika konani, mashavu yakasukuma, pua ikavuta, nikaona kidevu kile chenye kovu kinatetemeka. Akapinda. Sauti ikapinda naye, ikaendelea, mpaka mlangoni kwa Nasoro. Alipoishusha zumari ndipo nilipogundua kwamba aliyekuwa hapumui ni mimi.

Basi la kwanza alilolimaliza baada ya harusi lilikuwa la kwenda Lushoto. Mwenye mali alimwambia aandike nyuma neno lolote apendalo, na mnajua aliandika nini. Kuanzia hapo msemo ukapanda mlima na kushuka nalo. Watu wa njiani waliusoma wakaupa kazi zao. Huyu akausema juu ya siri, yule juu ya mke na mume, na Bi Mwantumu, ambaye alipanda basi lile akiwa mwali, leo ameusema juu ya pipa. Wote wako sawa. Madhara hayangoji uyafungulie mlango mzima, na mara nyingi upenyo wake ni kile kile unachokipenda na kukifukiza udi.

Haya, inukeni. Nendeni mkafunue lile pipa, mtoe ule uzi, kisha mlifunike upya.

Unywele ukipita, upepo haupigi hodi.